Nyumba Kwanza, Mgawanyo Baadaye

Ndoa yenye watoto inapofikishwa mahakamani Tanzania Bara ili ivunjwe, hakimu hukabiliwa na maswali matatu. Je, ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Mali zilizochumwa na wanandoa zigawanywe vipi? Watoto wakae na nani, na nani awatunze? Kwa mazoea ya mahakama zetu nyumba huangukia kwenye swali la pili, ikapangwa mstari mmoja na shamba, pikipiki na makochi, na watoto huangukia kwenye swali la tatu. Ndiyo maana hukumu moja inaweza kumkabidhi mama watoto wanne, kisha katika aya inayofuata ikatamka kwamba nyumba ni ya baba na kwamba mama alipwe asilimia fulani ya thamani yake. Hukumu hiyo ikisomwa kipande kwa kipande haina kosa. Ikisomwa yote inawatoa watoto kwenye nyumba waliyokulia bila mtu yeyote aliyekaa kizimbani, mezani au kwenye kiti cha hakimu kuuliza watalala wapi. Ninachodai hapa ni kwamba makazi ya watoto yanapaswa kuamuliwa kwanza, peke yake, kabla ya kugusa suala la nani alichangia nini. Na kwamba sheria tulizonazo leo, hata kabla ya marekebisho yoyote, zinampa hakimu nafasi ya kufanya hivyo.

Tumefika hapa kwa njia inayoeleweka. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Kwa miaka zaidi ya kumi majaji walivutana juu ya maana ya juhudi hizo. Wengine walisema mke asiyekuwa na mshahara wala biashara hana mchango, kwa kuwa kupika, kufua na kulea ni wajibu wake wa ndoa. Wengine walisema mume hawezi kuchuma kwa utulivu kama hakuna anayeshika nyumba. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilimaliza ubishi huo katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama za chini zilikuwa zimemnyima mama huyo fungu la nyumba kwa kumwona ni mke wa nyumbani tu. Jaji Mkuu Francis Nyalali akaandika kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaohesabika katika kupatikana kwa mali. Wanasheria wa haki za wanawake wanalitaja shauri hilo mpaka leo, na wana haki. Ila kuna sehemu ya hukumu ambayo haitajwi sana: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe aliwahi kumpa fedha za kuanzisha mradi wa familia, fedha hizo zikapotea mikononi mwake, na kwa hiyo akahesabiwa kuwa fungu lake alishalichukua. Kanuni ikashinda, aliyeidai akaondoka mikono mitupu. Hilo linaonyesha vizuri kipimo cha mchango kinavyofanya kazi: kinafungua daftari la mahesabu kati ya watu wazima wawili, kinajumlisha na kutoa, na jibu likitoka sifuri basi ni sifuri.

Tangu hapo Mahakama ya Rufani imesisitiza tena na tena kwamba ukubwa wa mchango ni suala la ushahidi. Anayedai athibitishe. Kwenye karatasi sharti hilo ni la haki kabisa, lakini linapaswa kupimwa kwa namna nyumba zinavyojengwa. Familia ya kawaida ya Mbagala, Kivule au Buza hainunui nyumba. Inanunua kiwanja kwa hati ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na jina la mnunuzi ni moja, la mume, kwa sababu ndiye aliyekwenda siku hiyo na mashahidi wake. Msingi unachimbwa mwaka huu, tofali zinafyatuliwa uani mwaka kesho, kuta zinasimama mpaka kwenye lenta na kukaa misimu miwili ya mvua bila paa. Kisha mke anachukua mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, bati zinanunuliwa, familia inahamia kabla hata ya milango ya ndani, ili kuokoa kodi. Marejesho ya mkopo ule yanatoka kwenye vitumbua, genge au kushona nguo, kila Jumamosi, mwaka mzima. Ndoa ikivunjika miaka kumi na miwili baadaye, hati ya kiwanja ipo na ina jina. Risiti ya bati, ikiwa bado inasomeka, imeandikwa kwa jina la fundi au haina jina kabisa. Daftari la kikundi lilishaisha kurasa na kutupwa. Kifungu cha 60 cha sheria ileile kinaanza kwa kudhani kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja ni yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Mwenye kuthibitisha hapa ni yule ambaye fedha zake ziliingia kwenye nyumba kupitia sukari, ada za shule na misumari.

Majirani zetu Wakenya wamepita njia tofauti na kufika karibu na hapohapo. Mpaka mwanzoni mwa muongo uliopita walikuwa wakitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali za wanawake walioolewa, na katika shauri la Echaria la mwaka 2007 Mahakama yao ya Rufani ilikataa kuhesabu kazi za nyumbani. Katiba ya 2010, ibara ya 45, ikatamka usawa wa wanandoa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuachana. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 ikaeleza bayana kwamba kulea watoto, kutunza nyumba na kulima ni michango. Hata hivyo kifungu cha 7 cha sheria hiyo kiliuweka umiliki ufuate mchango. Wanasheria wanawake wa FIDA-Kenya walikipinga mahakamani na mwaka 2018 wakashindwa, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba usawa wa Katiba hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichoweka. Nchi mbili, katiba mbili, na bado chumba cha mahakama kinatawaliwa na swali lilelile.

Kipimo hicho si kiovu. Kati ya watu wazima wawili walioishi na kuchuma pamoja, kupima jasho la kila mmoja ni jambo la uadilifu, na kabla ya 1983 wanawake wengi walitamani wafikiwe angalau na kipimo hicho. Tatizo ni kwamba hakiwezi kumhudumia mtoto. Mtoto hakuchangia kiwanja wala bati. Hana risiti, hana shahidi, na katika kesi ya talaka si mdai wala mdaiwa. Haki yake inatoka kwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inaorodhesha anachostahili kutoka kwa mzazi, na makazi yamo, pamoja na chakula, mavazi, matibabu na elimu. Kifungu cha 26 kinakwenda mbali zaidi: wazazi wakitengana au kuachana, mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kile alichokuwa akikipata kabla hawajaachana. Hayo ni maneno mazito. Aliyekuwa akilala kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye bomba uani, na shule iko umbali wa kutembea, sheria inasema kiwango hicho kiendelee. Kifungu cha 114 nacho kinaitaka mahakama, inapogawa mali, izingatie mahitaji ya watoto wadogo. Lakini hitaji hilo limewekwa pamoja na mila za jamii, michango na madeni, na kwa kuwa linakuja mwisho wa orodha, katika hukumu nyingi hupata sentensi moja baada ya kurasa nyingi za kubishania nani alinunua saruji.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye kifungu cha 59. Hicho ndicho kinachoilinda nyumba ya familia: mwenye jina haruhusiwi kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na mwenzake anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Akiiuza kinyemela, mwenzake anabaki na haki ya kuendelea kuishi humo. Hadi lini? Mpaka ndoa ivunjwe. Maana yake, ulinzi wa makazi upo wakati mume na mke bado wanahesabiwa kuwa pamoja, na unakoma siku ileile mahakama inapotoa talaka, siku ambayo mtoto anauhitaji kuliko siku nyingine yoyote. Na kwa nyumba zisizo na hati iliyosajiliwa, ambazo ndizo nyingi mijini kwetu, zuio lenyewe halina pa kuandikwa.

Kinachofuata kinajulikana mtaa kwa mtaa. Sheria ya Ndoa inadhani kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama, isipokuwa ithibitishwe vingine, na dhana hiyo ina busara yake. Lakini inamaanisha kwamba watoto wadogo kabisa wanamfuata mzazi ambaye mara nyingi hana jina kwenye hati. Mama anarudi kwao. Huko chumba chake cha usichana kimeshachukuliwa na kaka aliyeoa, wifi anahesabu vikombe vya unga, na watoto wanahamishiwa shule nyingine katikati ya muhula. Au anatafuta chumba cha kupanga. Hapo ndipo amri ya matunzo inapogongana na hali halisi. Mahakama inaagiza baba atoe kiasi fulani kila mwezi. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Kiasi kinachotosha unga na mboga kwa mwezi hakigeuki kuwa kodi ya nusu mwaka hata kikifika kwa wakati, na kwa kawaida hakifiki. Kumlazimisha baba asiyelipa kunahitaji maombi mapya, wito mpya, nauli na siku za kazi zilizopotea. Tumetoka mbali, hilo nakiri: kabla ya 2009 mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliwekewa na sheria ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na ukomo huo ulifutwa na Sheria ya Mtoto. Ila fedha ya kila mwezi, iwe kubwa au ndogo, ni ahadi inayosubiri mtu kuitimiza. Nyumba imeshajengwa.

Kwa hiyo pendekezo ni hili. Pale wanandoa wenye watoto wadogo wanapokuwa na nyumba, hakimu aanze kwa kuamua nani atakaa humo na watoto, na mpaka lini. Kwa kawaida mpaka mtoto wa mwisho afikishe miaka 18, ambao ndio ukomo wa kawaida wa amri za matunzo, au amalize shule akichelewa. Baada ya hapo ndipo aende kwenye mchango, apange mafungu ya umiliki, iwe nusu kwa nusu, iwe sitini kwa arobaini, na ayaandike kwenye amri ileile. Umiliki usiguswe, kinachoahirishwa ni kuuza na kugawana. Nyumba nyingi za mijini zina vyumba vya uani au fremu barabarani, na kodi zake zinaweza kugawanywa tangu siku ya kwanza, ili mzazi aliyetoka asikae mikono mitupu. Amri itaje nani analipa kodi ya ardhi na nani anaziba paa likivuja. Nakala iende kwa msajili ikiwa kuna hati, na kwa serikali ya mtaa ikiwa hakuna, kwa sababu kwa nyumba isiyo na hati mnunuzi hupita ofisi ya mtaa kutafuta muhuri. Wazo hili si geni duniani. Sheria ya Uingereza ya 1973 inaiagiza mahakama iangalie kwanza ustawi wa mtoto mdogo inapogawa mali za wanaoachana, na kwa miongo kadhaa mahakama za huko zimekuwa zikitoa amri za kuahirisha uuzaji wa nyumba mpaka watoto wakue.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wanaume, na halistahili kubezwa. Mtu amejinyima miaka kumi, amejenga, leo aambiwe atoke akapange chumba huku aliyekuwa mkewe akibaki na funguo? Uchungu huo ni wa kweli. Lakini pendekezo halisemi mama abaki. Linasema abaki yule anayekaa na watoto. Baba akikabidhiwa watoto, nyumba inabaki naye, hata kama ilijengwa kwa mshahara wa mama. Na yule anayetoka ni mtu mzima mmoja, anayeweza kuanza na chumba kimoja. Anayebaki ana watoto watatu au wanne na sare za shule. Mmoja lazima ahame, kwa sababu ndoa imekwisha na paa ni moja. Sheria haiwezi kuuondoa msiba huo, inaweza tu kuamua umwangukie nani, na kuwachagua watoto ndilo chaguo baya kuliko yote yaliyopo. Wapo watakaosema kwamba watoto sasa watagombewa kwa ajili ya nyumba. Hatari hiyo ipo, na hata sasa wanagombewa kwa ajili ya fedha za matunzo au kwa ajili ya kukomoana. Ndiyo kazi ya Afisa Ustawi wa Jamii kufika nyumbani, kuongea na watoto, na kuiambia mahakama ni mzazi yupi aliyekuwa akiwaamsha na kuwapeleka zahanati hata kabla ya mgogoro.

Pingamizi zito zaidi ni la ardhi ya ukoo. Kule Kilimanjaro nyumba ya familia mara nyingi imesimama ndani ya kihamba alichopewa mume na baba yake, pembeni ya makaburi ya babu zake, mita chache kutoka kwa mama mkwe. Mahakama hazikubali kwa urahisi kwamba ardhi ya namna hiyo ni mali ya wanandoa, na naona ziko sahihi. Mume mwenyewe ameishika kwa niaba ya wengi. Mke aliyemenya ndizi, akafuga ng'ombe wa zizini na kuchangia ujenzi anaweza kulipwa kwa sehemu yake katika jengo, na Sheria ya Ardhi ya 1999, katika kifungu cha 161, nayo inamtambua mwenzi aliyeitumikia kwa jasho lake ardhi iliyo kwa jina la mwenzake. Lakini kumwambia abaki pale na watoto, katikati ya mashemeji baada ya talaka, ni kumweka mahali ambapo kila siku atakumbushwa kwamba si pake. Hapa amri ya kukaa haifai, na kuilazimisha kungekuwa ukatili. Hitaji la watoto halifutiki kwa sababu hiyo, linabadilika sura. Hakimu anaweza kuamuru mume alipe kwa mkupuo fedha za kununua kiwanja na kuinua vyumba viwili mahali pengine, au alipe kodi kwa miaka inayotajwa, kabla hajabaki na nyumba ya kihambani. Makazi bado yanatangulia. Kinachobadilika ni mahali yatakapokuwa.

Kwa Waislamu pingamizi huwekwa hivi: talaka ina taratibu zake, mke ana eda na kitoka nyumba (kiliwazo anachopewa anapoachwa), na baada ya hapo hana dai juu ya nyumba ya mume. Kwa upande wa mke, hoja hiyo ina mizizi. Kwa upande wa watoto haisimami. Sura ya Talaka katika Qur'ani, aya ya 6, inaamrisha mwanamke aliyepewa talaka awekwe mahali pa kukaa kwa kadiri ya uwezo wa mume, na aya hiyohiyo inagusa malipo ya anayemnyonyesha mtoto wao. Wanazuoni wa fiqhi wanahesabu makazi kuwa sehemu ya nafaqa (matunzo) ya mtoto, na nafaqa hiyo iko juu ya baba, talaka au hakuna talaka. Kadhi au shehe anayepatanisha wanandoa katika baraza la BAKWATA hahitaji kukopa fikra kutoka mahakama za serikali ili aulize watoto watakaa wapi.

Lipo pingamizi moja ambalo sina jibu kamili kwake. Uingereza yenyewe imepunguza hamu ya amri hizi za kuahirisha uuzaji, kwa sababu siku mtoto wa mwisho anapotimiza umri, mama mwenye miaka hamsini analazimika kuuza na kuondoka, na fungu lake halitoshi nyumba nyingine. Kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi, maana pensheni ni ya wachache. Dawa iliyopo ni pungufu: mafungu yaandikwe tangu mwanzo, mama apewe nafasi ya kwanza ya kununua fungu la mwenzake kwa malipo ya kidogo kidogo, na mabati aliyobadilisha na choo alichojenga katika miaka hiyo vihesabiwe kuwa vyake. Na tukumbuke kinacholinganishwa. Leo analazimika kuondoka akiwa na miaka thelathini na mitano, akiwa na mtoto mgongoni. Suala la mume mwenye wake wawili chini ya paa moja nalo ni gumu. Hapo hakimu atalazimika kugawa vyumba, kama familia zenyewe zilivyofanya. Na mama akiolewa tena, au akimwingiza mwanamume mwingine kwenye nyumba ile, mzazi mwenzake awe na njia ya kurudi mahakamani kuomba amri ipitiwe upya.

Familia nyingi, bila shaka, hazina nyumba ya kugombania. Kwao kanuni hii inamaanisha jambo dogo la kiutendaji: kodi iandikwe kando ndani ya amri ya matunzo, isichanganywe na hela ya chakula, na ilipwe kwa mpangilio anaoudai mwenye nyumba, miezi sita kwa miezi sita, moja kwa moja kwake. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto kinaitaka mahakama iangalie gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi, na hakuna gharama ya mjini inayozidi kodi. Anayefungua kesi wiki ijayo, akiwa ameshapitia baraza la usuluhishi na kupewa fomu yake namba 3, anaweza kuongeza kwenye maombi yake mstari mmoja unaohusu makazi ya watoto, tofauti na mstari wa mgawanyo wa mali. Ukiwa umeombwa, hakimu atalazimika kuujibu. Wabunge wana kazi yao kwenye kifungu cha 59: pale panaposema haki ya kukaa inadumu mpaka ndoa ivunjwe, paongezwe kwamba ikiwa kuna watoto wadogo, haitakoma mpaka mahakama iwe imeamua kwa maandishi wataishi wapi.